Jiko Halinisalimii

Mwaka 2020 kila mlango wa Nairobi ulikuwa na soja ameshika kipimajoto chenye umbo la bastola. Supamaketi, benki, kanisani, hadi kwa kinyozi. Unasimama, unaelekezewa kwenye paji la uso, kinalia, unaambiwa pita. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi, na siku chache baadaye vyuo vikafungwa. Nilikuwa mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Nikarudi nyumbani Kawangware na begi moja. Vyuo vilipofunguliwa tena, mimi sikurudi. Karo ilikataa, na hiyo nitaisimulia siku nyingine.

Leo nataka kusimulia kile kipimajoto, kwa sababu kilinipeleka kwenye historia ambayo darasani sikuwahi kuisikia. Na aliyenisomesha ni anko wangu, fundi viatu wa Kibera, ambaye haoni.

Anko alichukuliwa macho na presha ya macho. Huo ugonjwa mara nyingi hauna maumivu mwanzoni. Unakula pembe za kuona kidogo kidogo, mpaka siku unagundua umebaki na tundu tu la katikati, halafu hata tundu linaziba. Alikuwa na miaka 40 na kitu. Kazi hakuacha. Ungemkuta Toi, mkono wa kushoto ndani ya kiatu, wa kulia umeshika msharasi, ile sindano nene ya kutoboa ngozi, anashona soli huku anabishana siasa na wateja.

Sasa fikiria korona kwa mtu kama huyo. Amri kubwa ilikuwa tusigusane. Lakini mtu asiyeona huvuka barabara akiwa ameshika kiwiko cha mwenzake. Nyanya anaijua kwa kuibonyeza. Pesa anaijua kwa kuipapasa: mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Juni 2019, Benki Kuu ilikuwa imetoa noti mpya zenye alama za kuguswa kwa ajili ya wasioona, na anko alikuwa amekaa jioni nyingi akizifanyia mazoezi kwa vidole. Ghafla kila mtu anamwambia, mzee, usinipe cash, tuma kwa simu. Watu waliokuwa wakimvusha Ngong Road wakaanza kumwelekeza kwa mdomo kutoka mbali. "Kuja kushoto. Hapana, kushoto yako."

Na wakati huohuo, mashine inayohisi joto bila kugusa ilikuwa mkononi mwa kila soja mwenye macho mawili mazima. Mimi nikiwa sina shule wala kazi, nikajiambia hapa kuna kitu. Nitamtengenezea anko macho.

Kwanza nieleze mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana si uchawi. Mwaka 1800, William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akiishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu ukagawanyika rangi, kisha akaweka vipimajoto kwenye rangi hizo. Kimoja akakiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote. Hicho cha nje ndicho kilichopanda zaidi. Kulikuwa na nuru pale ambayo macho hayaifikii. Leo tunaiita infraredi, na kila kitu chenye joto huitoa: mwili wako, ukuta, ng'ombe, chapati. Ndani ya kile kipimajoto cha soja kuna kipande kidogo kinachopata joto kikipigwa na nuru hiyo, na joto hilo hugeuka kuwa umeme mdogo sana unaoweza kupimwa.

Kwa hivyo nikaingia Luthuli. Nikanunua kihisi joto cha nukta 64, safu nane kwa nane, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Nikaokota mota za kutetemeka kutoka kwa simu zilizokufa. Nikanunua kipande cha Arduino cha mkono wa pili. Nilishona mota nane kwenye mshipi wa suruali. Wazo lilikuwa safi: kitu chenye joto kikiwa kushoto, mshipi unatetemeka kushoto; kikiwa kulia, kulia. Mtu akija mbele yako, tumbo linakuambia. Nililala usiku tatu nikijiona kwenye gazeti.

Siku ya majaribio nilitembea kutoka Kawangware kupitia Dagoretti Corner, nikashika Ngong Road mpaka Toi, nikashuka Makina. Ilikuwa Januari, saa saba mchana. Nikamfunga anko mshipi. Tukatoka nje kwenye kichochoro.

Mshipi mzima ukaanza kutetemeka, mota zote nane, bila kupumzika, kama simu kumi zinapigwa pamoja.

Anko akasimama, akasikiliza tumbo lake kidogo, akaniambia: "Hii kitu yako inaniambia jua limewaka. Hiyo si najua?"

Kosa langu lilikuwa la hesabu rahisi. Ngozi ya uso wa mtu huwa karibu nyuzi 33 hadi 35. Mabati yaliyopigwa na jua la mchana hupita hapo mbali sana. Kwa kihisi changu, kuta za Kibera zilikuwa umati wa watu wenye homa. Usiku, mabati yakipoa, mshipi ulifanya kazi vizuri: mtu alionekana kama taa. Lakini anko hatembei usiku.

Nilirudi nyumbani nimechukia. Nikaanza kusoma, nikitafuta nani mwingine amewahi kuharibu hivi. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu lina umri wa miaka 200.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa mmoja, Charles Barbier, alibuni maandishi ya nukta zilizoinuka. Mara nyingi husimuliwa kwamba aliyawazia wanajeshi, wasome amri gizani bila kuwasha taa. Kila alama ilikuwa na nafasi ya nukta 12, na ziliandika sauti, si herufi. Miaka ya 1820 mfumo huo ulifika katika shule ya wasioona ya Paris. Pale kulikuwa na mvulana, Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mtengeneza matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu, Louis alicheza na kifaa cha baba cha kutoboa ngozi, kikamchoma jicho moja, na uambukizi ukaua na la pili.

Nilipomsomea anko hapo, aliacha kushona. "Msharasi?"

"Msharasi, anko."

Akaupapasa wake, akauweka chini polepole, mbali na goti.

Louis aligusa zile nukta 12 za Barbier akaona tatizo ambalo mtu mwenye macho hangeliona. Kwa jicho, nukta 12 ni kidogo. Kwa ncha ya kidole, ni nyingi mno: kidole hakizifuniki kwa mguso mmoja, lazima kizunguke kuzitafuta. Akazikata kuwa 6. Akaandika herufi, si sauti, ili mtu asiyeona ajifunze tahajia kama wengine. Mfumo wake ulichapishwa mwaka 1829. Shule yake mwenyewe ilikuja kuukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufa. Kwa walimu wenye macho, maandishi mazuri yalikuwa yale yanayofanana na herufi zao wenyewe, zilizoinuliwa tu juu ya karatasi. Huku kwetu, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na mpaka leo mtoto wa Kenya anayesoma kwa vidole anasoma kwa zile nukta 6 za mtoto wa fundi ngozi.

Fimbo nayo ina kisa kama hicho. Mwaka 1921 huko Bristol, Uingereza, James Biggs, aliyepoteza macho kwenye ajali, alipaka fimbo yake rangi nyeupe kwa sababu aliogopa magari. Ukifikiria, ule weupe ni wa dereva. Mwenye fimbo hauoni. Kilichomfaa mwenye fimbo kilikuja baadaye, mwaka 1944, pale Richard Hoover alipofundisha wanajeshi wa Marekani waliopofuka vitani kutumia fimbo ndefu, wakiipeleka kushoto na kulia mbele ya kila hatua. Hoover alikuwa na macho. Lakini kabla ya kufundisha, alijifunga kitambaa usoni akatembea.

Halafu zikaja mashine. Mwaka 1969, Paul Bach-y-Rita na wenzake walichapisha habari za kiti cha ajabu: kiti cha daktari wa meno chenye vitetemeshi 400 mgongoni, vimeunganishwa na kamera ya televisheni. Picha ilichorwa kwenye mgongo wa mtu. Baada ya mazoezi, wasioona waliokaa pale walianza kutambua simu, kikombe, hata sura za watu. Lakini kuna jambo walilogundua ambalo nililisoma mara tatu. Kamera ikisogezwa na mtu mwingine, aliyekaa alihisi tu mtekenyo mgongoni. Akiisogeza mwenyewe kwa mkono wake, mtekenyo ulitoka mgongoni ukaenda mbele, mahali kitu kilipo. Yaani vitetemeshi 400 havikuwa kuona, mpaka mkono wake mwenyewe uishike kamera.

Miaka michache baadaye kulikuwa na Optacon. Profesa John Linvill wa Stanford aliitengeneza kwa sababu binti yake alikuwa haoni. Unapitisha kamera ndogo juu ya kitabu cha kawaida, na pini 144 zinatetemeka umbo la herufi chini ya kidole cha shahada. Iliuzwa kuanzia mwaka 1971, na waliokuwa nayo waliipenda sana. Mwaka 1996 kampuni ikaacha kuitengeneza. Waliozoea kujisomea barua zao wakabaki kutafuta vipuri, na kila mashine iliyokufa ilikufa na usomaji wa mtu.

Nilijumlisha: 12, 6, 400, 144, halafu mimi na 64 zangu. Kati ya zote, iliyofika hadi Thika ni ile ndogo kuliko zote, na ndiyo pekee kwenye hesabu hiyo iliyobuniwa na mwenye shida mwenyewe.

Nikarudi Kibera bila mshipi. Nikamuuliza anko swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: ni nini hasa kinakusumbua?

Akacheka. "Sasa ndio unauliza."

Akanieleza kwamba njia anazijua, na anazijua kwa joto pia, muda mrefu kabla sijanunua kihisi. Shavu la kulia likipata moto, hapo ni kwa mama chapati. Joto lenye mafuta ni karai la chipsi. Pumzi nzito ya joto na kelele ni mashine ya posho. Kibera kwa miaka mingi haikuwepo kwenye ramani za watu. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na ramani ziliiacha tupu kama vile bado ni msitu. Mwaka 2009 vijana wa hapo, katika mradi wa Map Kibera, walizunguka na vifaa vya GPS wakaichora wenyewe, vichochoro, vyoo, shule na yote. Anko alikuwa na ramani nyingine, ya mashavuni.

Hiyo ramani iliraruliwa mara moja. Julai 2018 tingatinga ziliingia kubomoa nyumba za kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakahama. Sisi wenye macho tuliona barabara mpya. Anko alipoteza majiko yote aliyokuwa akihesabia hatua. Mama chapati wake alihamia asikokujua. Ilimchukua miezi kadhaa kujifunza upya, akishika mkono wa mtoto wa jirani, kisha bega lake, kisha fimbo peke yake.

"Kwa hivyo watu unataka kunionyesha wa nini?" akauliza. "Watu wananisalimia. Jiko halinisalimii."

Hapo ndipo nikaelewa. Shida yake ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye chumba cha futi 10 kwa 10: jiko la makaa lililowekwa mahali si pake, makaa yanayoonekana yamezimika kumbe yako hai chini ya jivu, sufuria iliyoepuliwa ikawekwa sakafuni. Na usiku, lile swali moja kabla ya kulala: limezima ama halijazima? Mtu wa Kibera haulizi hilo kwa mchezo. Moto ukianza nyumba moja, mabati na mbao haziusubiri.

Tukaanza upya, na safari hii anko ndiye bosi. Nilipata kipimajoto cha korona kilichotupwa kwa sababu kioo chake cha namba kilikuwa kimekufa. Kioo hatukukihitaji. Nilitoa ubongo wake, maana ulijua kusoma homa tu, nikaacha jicho. Nukta moja. Nilitaka kuifunga kwenye fimbo. Akakataa, fimbo inagonga mawe siku nzima, kihisi kitakufa wiki moja. Akakata ngozi mwenyewe, akashona mkanda wa kiganja, kihisi kikatazama kule vidole vinakotazama, mota moja juu ya kifundo. Anaelekeza mkono anakotaka, anaupitisha polepole, kama Hoover na fimbo yake. Nilipendekeza milio mitano tofauti ya viwango vya joto. Akasema mbili zinatosha: pole pole, kuna uvuguvugu, haraka, utaungua. Yeye ndiye aliyeamua mstari kati ya hizo mbili uwe wapi, kwa kiganja chake mwenyewe juu ya makaa.

Ilifanya kazi karibu wiki mbili. Halafu akaungua.

Alikuwa ameelekeza mkono kwenye sufuria, kifaa kikanyamaza, akaishika. Nilikimbia Kibera siku hiyo nikiwaza kwamba nimemuumiza mtu aliyenibeba mgongoni. Vidole viwili vilikuwa na malengelenge. Nilifungua kifaa, nikakipima, kizima kabisa. Nikaelekeza kwenye jiko, kikatetemeka haraka. Nikaelekeza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kimya. Nikaelekeza kwenye sufuria nyingine, ya zamani, kikatetemeka.

Tofauti ilikuwa masizi. Ile nuru ya joto haitoki kila mahali sawa. Sufuria nyeusi ya masizi huitoa karibu yote. Aluminiamu inayong'aa ni bahili: iko moto lakini hutoa kidogo sana, na badala yake inaakisi ukuta baridi ulio karibu, kama kioo. Kihisi kilitazama sufuria ya moto kikaona ukuta. Na sufuria za kwa anko ziling'aa kwa sababu anti, mke wake, huzisugua kwa waya kila asubuhi mpaka unaweza kujiangalia ukichana nywele. Ni heshima yake. Mgeni akiingia, sufuria zimepangwa ukutani, zinaongea kwa niaba ya nyumba.

Mwaka huo wa 2020 watafiti wa UCL ya London na wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha utafiti kuhusu jinsi wasioona wa Kibera wanavyotumia simu. Walichokuta ni kwamba simu yao hutumika kupitia watu walio karibu nao: ndugu, marafiki, majirani. Niliposoma nilifikiria mtoto wa jirani anayemsomea anko meseji za M-Pesa. Sasa nilikuwa naliona jambo lilelile kwenye kifaa changu. Nilidhani nimemtengenezea mtu mmoja. Kumbe kilikuwa cha watu wawili, na wa pili sikuwa nimemuuliza lolote, kama mwanzoni nilivyokosa kumuuliza wa kwanza.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Ni kifungu kizuri na bado tunakidai. Lakini kupewa kifaa na kuulizwa kuhusu kifaa ni mambo mawili, na la pili hakuna wa kulileta na lori.

Kikao kilifanyika siku hiyohiyo, anko na vidole kwenye maji baridi. Nilimweleza anti habari ya masizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama chuoni ndiko nilikofundishwa kuwaambia watu waache vyombo vichafu. Anko alinyamaza, anamjua. Anti akachukua ile sufuria mpya, akaigeuza, akaitazama. Akauliza masizi yanahitajika kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada: kama ukubwa wa noti iliyokunjwa, upande ambao mkono wake huelekea.

Ukienda kwao leo, sufuria bado zimepangwa ukutani, bado zinang'aa. Kila moja ina kiraka kimoja cheusi upande wa kulia, na ole wako ukijitolea kuosha vyombo ukisugue.